Kasuku wa Al Rigga

Wiki iliyopita mliniacha sebuleni kwa Madam Firoza, Al Twar, nimesimama wima ndani ya sare yangu ya ulinzi. Nilikuwa nimemaliza kumsomea shairi la kumlilia marehemu mama yake, nangoja machozi.

Nilipata kicheko.

Na hakikuwa kicheko cha adabu. Bibi mwenye miaka themanini na kitu alicheka hadi Mishi, dada wa Likoni anayemtunza, akaja kumpigapiga mgongoni asije akapaliwa.

Kwa aliyechelewa kuingia: mimi ni Hudson, mlinzi wa mlango wa hoteli moja pale Al Rigga, Dubai, mzaliwa wa Bungoma, na mshairi. Hakuna aliyenifundisha. Vina nimejifunza mwenyewe, mizani nimehesabu kwa vidole vyangu mwenyewe, na nikisikia mtu akisema ushairi si kazi ya mtu wa bara, damu hunipanda hadi kwenye kofia.

Mama yake Madam Firoza aliitwa Zarbanu. Alikuwa mwigizaji wa Bombay enzi za filamu bubu, zile picha za kale zisizo na sauti. Filamu zake zote zilipotea, isipokuwa kipande kimoja kilichokutwa Mombasa, katika stoo ya sinema iliyofungwa zamani. Madam, ambaye aliishi Mombasa alipokuwa bi harusi, akaamua kionyeshwe kwanza kwa watu wa Kiswahili hapa Dubai, hotelini kwetu, na awepo msimulizi wa kukisemea, kama tunavyofanya kwenye vibanda vya video kwetu.

Akaahidi kwamba mwisho wa filamu, chini ya jina la Zarbanu, litaandikwa jina la aliyempa sauti. Na libaki hapo kila filamu itakapoonyeshwa, popote duniani.

Jina langu, juu ya kitambaa kikubwa, wapwani wote wakilisoma! Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka. Na sasa lilikuwa linachekwa.

"Rudia ile ya katikati," alisema Madam akifuta macho. Macho yenyewe yamekwisha nguvu. Watu anawaona kama vivuli. Masikio ndiyo yaliyobaki, na hayo, jamani, yangeweza kuajiriwa na polisi.

Nikarudia, kifua mbele:

*Sauti ilipofika, nyota yetu ikazima,*
*Nyumbani akajizika, bubu hadi akahama.*

"Nani alijizika?"

"Mama yako, Madam. Filamu za sauti zilipokuja, waigizaji wa filamu bubu walikosa kazi, wakafa kwa huzuni. Inajulikana."

"Inajulikana kwa nani?"

Mishi akajifanya anapanga mito.

"Mama yangu hakukosa kazi hata siku moja," alisema Madam. "Kabla ya sauti alikuwa akiruka kutoka paa hadi paa, akipigana kwa upanga, akifa kila mwezi. Amekufa kwa sumu, amekufa kwa simba, amezama mito yote ya India. Sauti ilipokuja, matajiri wa filamu wakataka nyuso mpya. Wakaleta wasichana wazuri kama mbalamwezi, wakifungua mdomo ni vyura watupu. Sasa nani akawasemea?"

"Nani, Madam?"

"Zarbanu! Nyuma ya pazia, kwenye maikrofoni. Wao wakichezesha midomo, yeye akisema na kuimba. Miaka na miaka. Mimi mtoto nilikuwa nakaa chini ya kiti chake, nimekatazwa kukohoa. Alipokuwa na miaka sitini, meno mawili ya mbele hana, bado alikuwa sauti ya mabibi harusi wa miaka kumi na sita. Kuna filamu moja alikuwa bi harusi na mama mkwe kwa pamoja. Aligombana na nafsi yake nusu saa nzima, na mama mkwe akashinda."

Mishi akaangua kicheko. Mimi nilikuwa nalitazama zulia. Beti zote zile, vina vyote vile, nimemzika mwanamke aliyekuwa kazini.

"Na jina lake, Madam? Waliandika?"

Hapo uso wake ukabadilika.

"Hawakuandika hata mara moja. Tulikuwa tukienda sinema, filamu inakwisha, watu wanatoka, yeye anabaki kitini majina yakipita. Jina la mwisho likipita, ananishika mkono, anasema, 'Bado.' Basi tunaondoka. Filamu inayofuata, 'Bado.' Mpaka alipokufa."

Alijifuta macho tena.

"Tupa hicho kilio chako, kijana," akasema mwishowe. "Niletee mwanamke mwenye sauti. Na utibu mafua. Nayasikia yanapanda ngazi puani mwako."

Sikuwa nimejua kwamba nina mafua. Jioni ile nikaanza kupiga chafya.

Niliandika upya. Niliandika nikiwa mlangoni, nikiwafungulia watu wa masanduku kwa mkono mmoja. Niliandika kwenye basi la wafanyakazi hadi Dubai Investments Park, kwenye makazi yetu, ambako Jamiru alikuwa ananingoja kitandani kwake na ushauri wake.

Jamiru ni Mganda. Kabla ya kuja huku alikuwa msimulizi katika kibanda cha video Jinja, akiwasemea Wachina na Wamarekani kwa Kiganda.

"Ssebo, bwana wangu, usiimbe kama uko kanisani," aliniambia. "Filamu ni ya watu. Muuaji mpe jina la jirani. Farasi naye aseme kitu. Na ukikosea, endelea kwa nguvu, watu wataona ndiyo filamu yenyewe."

"Yangu ni shairi, Jamiru. Lina mizani."

"Hiyo mizani utapimia nini, nyama?"

Nilimtupia soksi. Lakini farasi nikampa ubeti.

Nilipokuwa tayari, meneja akaniita. Jina lake Adib, sisi humwita Sir Adib, mtu wa suti na manukato, haongei bila kutazama simu.

"Hudson, umefanya vizuri. Lakini siku hiyo kutakuwa na wageni wakubwa. Mlinzi hawezi kusimama jukwaani. Utasoma nyuma ya kitambaa. Mbele atakuwepo Aboud, awakaribishe watu."

"Aboud gani, Sir?"

Nilimjua vizuri sana. Aboud wa duka la udi, mtaa wa pili kutoka hotelini. Mzaliwa wa Mombasa Mji wa Kale, mrefu, ndevu zimechongwa kama kwa rula, kanzu haina kunyanzi hata mwezi wa Agosti. Babu yake mshairi, baba yake mshairi, na yeye akipiga chafya inatoka na kina.

"Ana sura ya Kiswahili," alisema Sir Adib. "Khalas, imekwisha. Yalla, rudi mlangoni."

Sura ya Kiswahili! Nilitaka kumuuliza kama mimi nina sura ya Kijapani. Lakini nyuma ya kitambaa au mbele yake, jina lingeandikwa lile lile. Nikameza.

Nilipotoka nikakutana na Aboud mwenyewe akingoja lifti, anamnukia kila mtu.

"Yakhe Hudson! Nasikia watunga siku hizi."

"Nimetunga siku zote. Masikio yako ndiyo yalikuwa dukani."

"Haya, maalim. Nambie basi, ukifika kaditama wafanyaje? Jina Hudson lakaa wapi kwenye shairi? Utalikata kwa shoka?"

Kaditama, kwa asiyejua, ni ubeti wa mwisho. Hapo ndipo mtunzi hulitaja jina lake. Shairi lisilo na jina mwishoni ni kama mtoto aliyeachwa sokoni, kila mtu anaweza kumchukua.

"Hadisoni," nilimjibu. "Silabi nne. Linaingia kama ufunguo."

Alinitazama kidogo, akacheka, akaingia lifti. Nilikiona kicheko kile kama tusi. Kumbukeni hilo, litanirudia.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri, ukumbi ukajaa. Wauza udi wa Deira, wauguzi, walinzi wenzangu waliobadilishana zamu, mabibi wa Kizanzibari na mikoba yao, Jamiru na kundi zima la makazini. Mstari wa mbele Madam Firoza ndani ya sari ya kijani, Mishi ubavuni.

Mimi nyuma ya kitambaa, kiti kimoja, maikrofoni moja, matundu mawili ya pua yaliyoziba. Picha naiona kwa nyuma, mkono wa kulia umekuwa wa kushoto. Pembeni kuna upenyo mdogo, kupitia hapo naliona jukwaa.

Aboud akakaribisha watu vizuri, siwezi kukataa. Kisha taa zikazimwa, na Zarbanu akatokea.

Jamani, mwanamke yule! Macho kama taa za gari. Anamkimbia bwana mwenye masharubu, anapanda ukuta, anapanda paa, anageuka, anamcheka. Nikashika maikrofoni:

*Ruka mama usichoke, paa ni uwanja wako,*
*Waache wote wacheke, wangoje sauti yako.*

Ukumbi ukalipuka. Farasi akasema ubeti wake, nikasikia Jamiru akipiga kelele kama timu yake imefunga bao. Nilikuwa nimewashika. Nilikuwa nimewashika wapwani na watu wa bara, wote pamoja, kwa sauti yangu yenye makamasi.

Ndipo nikachungulia kwenye upenyo.

Aboud hakuwa ameshuka jukwaani. Alisimama kando ya kitambaa, mwanga wa picha umempiga, maikrofoni iliyozimwa mkononi. Na midomo yake ilikuwa inacheza.

Nilisema neno, akafungua mdomo. Nilivuta pumzi, akavimbisha kifua. Na watu walikuwa wanampigia makofi yeye.

"Mashallah, kijana ana kipaji!" bibi mmoja alisema mstari wa pili.

Sijui nani alimtuma. Sir Adib alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu aliyepanga maua mwenyewe.

Mwenye busara angeendelea na kazi. Mimi si mwenye busara, mimi ni mshairi. Kwanza nikaongeza kasi. Aboud akaongeza. Nikapunguza ghafla, akabaki mdomo wazi kama samaki wa soko la Waterfront. Kisha pua ikaniwasha, nikapiga chafya ndani ya maikrofoni, chafya ya Bungoma, kubwa. Na Aboud naye, kwa kuchelewa kidogo, akapiga chafya bila sauti, akajifuta kwa leso ya hariri.

Watu wakaanza kucheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Zarbanu alikuwa juu ya paa, masharubu yanamfuata, nami nikamwacha huko huko nikatunga papo hapo:

*Mimi hapa nasimama, mbele yenu ni kasuku,*
*Kanzu safi ya heshima, na manyoya kama kuku,*
*Mdomo haujakoma, wacheza huku na huku,*
*Sauti naiazima, si yangu hata kwa siku.*

Alikuwa ameshaanza kuufuata ubeti. Asingeweza kuacha katikati. Akaucheza wote, neno kwa neno, mkono kifuani, hata pale kwenye kuku.

Ukumbi ulianguka. Kuna mtu alitoka nje kabisa ili acheke vizuri. Nami nyuma ya kitambaa nilijisikia mfalme wa Al Rigga.

Lakini niliuona uso wa Aboud kwenye ule upenyo. Hakukasirika. Alikuwa amekitazama kitambaa, pale pale nilipo, kama mtu aliyegongewa mlango na anayemjua. Midomo ikaendelea kucheza, lakini masikio yalikuwa yamewiva.

Nikarudi kwa Zarbanu. Akaruka kutoka paani, akaanguka juu ya mkokoteni wa majani, akasimama, akamwonyesha bwana wa masharubu ulimi. Hapo ndipo kipande kinapokwisha. Nilikuwa nimebakiwa na ubeti mmoja tu, wa jina. Nilikuwa nimeutunza kama sadaka.

Nikavuta pumzi. Nikasema, "Kaditama..."

Maikrofoni haikutoa kitu.

Nikaigonga. Kimya. Nikageuka. Sir Adib alikuwa amesimama nyuma yangu, waya mkononi, mwisho wake umechomolewa ukutani.

"Vizuri sana, Hudson," alinong'ona. "Filamu imekwisha. Yalla, mlangoni. Wageni wanatoka."

"Sir, bado ubeti wa mwisho."

"Nani atajua?"

Mbele taa ziliwaka. Makofi, vigelegele, watu wamesimama. Kwenye kitambaa likatokea jina ZARBANU, herufi kubwa, na chini yake maneno *Sauti ya Kiswahili*, kisha nafasi tupu. Madam alikuwa ameagiza ibaki tupu hadi atakapoisikia kazi.

Kisha makofi yakapungua, moja moja. Nikachungulia. Madam Firoza alikuwa amesimama, Mishi amemshika kiwiko. Alikuwa ameinua mkono.

"Bado," alisema.

Watu wote wakamgeukia.

"Mimi nimekaa Mombasa," akasema. "Nimehudhuria harusi za watu, nimesikia mashairi. Shairi halifungwi bila jina. Hili limefungwa vipi? Msimulizi yuko wapi? Njoo karibu, mwanangu, macho yangu hayakufikii."

Aboud akashuka. Alipiga goti mbele yake, kanzu yote chini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nisomee ule wa paa."

Sir Adib akanishika bega. Mimi nilikuwa tayari nacheka moyoni. Kasuku amekamatwa! Bila mimi hana hata silabi.

Aboud akakohoa kidogo. Kisha akausoma. Ubeti wangu wote, wa paa, toka mwanzo hadi mwisho, hakuacha neno. Aliusikia mara moja tu na tayari ulikuwa wake kifuani. Na sauti yake, naapa inaniuma kuandika, ilikuwa tamu kuliko yangu. Mabibi wa Kizanzibari walitikisa vichwa.

Kicheko changu kikafa.

"Sauti nzuri," alisema Madam. "Nzuri sana. Lakini siyo niliyoisikia. Niliyoisikia ilikuwa na mafua."

Kuna mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Nimekulia chini ya kiti, nasikiliza sauti ikivishwa midomo ya watu," akasema. "Utanidanganya mimi? Mama yangu aliondoka duniani hajaiona nafasi kama ile pale juu ikiandikwa jina lake. Leo limeandikwa. Chini yake pana nafasi ya mtu mwingine, na siijazi kwa uongo. Mafua yale nayajua ni ya nani, lakini nataka shairi liseme lenyewe. Sikuulizi nani alikupanga. Nimalizie shairi. Nipe kaditama, na jina liwemo."

Sir Adib akaanza kusogea, "Madam, tafadhali, chakula kiko tayari..."

"Chakula kitangoja. Sema, mwanangu."

Niliiinua maikrofoni bila kufikiri. Imekufa, waya uko mkononi mwa Sir Adib. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kulipasua lile pazia nitoke na sare yangu na makamasi yangu, niseme ni mimi, ni mimi, kama mtoto anayecheza kibemasa, ule mchezo wa kujificha. Sikutoka. Mshairi hutajwa ndani ya ubeti, hajitangazi kama muuza samaki. Na ubeti sasa ulikuwa mdomoni mwa mtu ambaye nimetoka kumwita kuku mbele ya Deira nzima.

Aboud alibaki amepiga goti. Alifikiri. Akaanza, taratibu, ubeti wake mwenyewe, anautunga palepale:

*Kaditama sina budi, kusema yangu moyoni,*

Vidole vyangu vikaanza kuhesabu vyenyewe. Nane na nane. Kina cha kati *di*, cha mwisho *ni*.

*Shairi lina ahadi, jina halikai ndani,*

Nikaelewa anachokifanya, jasho likanitoka. Kina cha kati ni cha jina lake, Abudi. Kina cha mwisho ni cha langu, Hadisoni. Fundi yule alikuwa amejenga nyumba yenye milango miwili.

*Alotunga kwa juhudi, namtaja hadharani,*

"Alotunga." Hivyo ndivyo washairi wote wanavyojitaja wenyewe. Na hivyo ndivyo mtu anavyomtaja mwenzake.

Ulibaki mstari mmoja. Madam aliinamisha sikio. Mkono wa Sir Adib ukakaza begani kwangu.

Aboud akainua kichwa, akakitazama kitambaa, akanitazama mimi pale kwenye upenyo, jicho kwa jicho. Akatabasamu, na ndani ya tabasamu nikakiona kicheko kile cha kwenye lifti.

Kisha akafungua mdomo. Na mara hii hapakuwa na mtu nyuma ya pazia wa kumsemea.